Kasha dogo la kompyuta ya gemu: NR200, Terra, A4-H2O au A3?

Anayetaka kompyuta ndogo ya gemu mara nyingi huanza na picha. Ameona kasha la Fractal Terra lenye ukanda wa mbao mbele, moyo umekwenda, ameagiza, na ndipo anapoanza kutafuta kadi ya grafiki, yaani kifaa kinachochora picha za gemu, itakayoingia humo. Kazi yangu ni kuunda kompyuta za namna hii hapa Dar es Salaam, na wengi hunijia wakiwa wameshafika hatua hiyo. Hapa nataka tuanzie upande wa pili: kadi unayoitaka, joto la chumba chako na pesa uliyo nayo, halafu kasha lifuate.

Nimechagua makasha manne kwa sababu kila moja linajibu haja tofauti. Cooler Master NR200, lililotoka 2020, ndilo lililowafungulia wengi mlango wa kompyuta ndogo kwa bei ya kawaida. Fractal Design Terra, la 2023, ndilo zuri kuliko yote kwa sura. Lian Li A4-H2O ni jembamba lakini linabeba rejeta, yaani paneli ya mapezi inayotoa joto, ya kupozea prosesa (ubongo wa kompyuta) kwa maji. Lian Li A3-mATX ni kubwa kuliko wenzake, ila linakubali vifaa vya bei ya chini. Yapo madogo zaidi, kama DAN A4-SFX la lita 7.2, na mengine hata chini ya lita 4. Hayo nimeyaacha kwa makusudi, na sababu utaiona tukifika kwenye joto.

Lita, na jinsi zinavyohesabiwa

Udogo wa kasha hupimwa kwa lita: chukua urefu, upana na kimo kwa milimita, zidisha, kisha gawanya kwa milioni moja. Kasha la kawaida la mezani huwa na lita 40 na zaidi. PlayStation 5 ya kwanza, yenye milimita 390 kwa 260 kwa 104, inakaribia lita 10.5. Kwa hiyo ukisikia kasha la lita 10 au 11, picha ya PS5 ndiyo iwe kichwani mwako.

Jambo moja la kuangalia ni kwamba watengenezaji wengi hawahesabu miguu na vitu vinavyochomoza nje. NR200 huandikwa lita 18.25, lakini vipimo vyake kamili vya nje ni milimita 376 kwa 185 kwa 292, yaani lita 20.3. Terra huandikwa lita 10.4, na vipimo vyake vya nje vya milimita 343 kwa 153 kwa 218 vinatoa lita 11.4. Kama unapimia kabati la televisheni au begi la safari, tumia vipimo vya nje na uiache ile namba ya kwenye tangazo.

Kabla ya jedwali, maneno machache. Ubao mama ni bodi kuu inayounganisha vifaa vyote: Mini-ITX ni saizi yake ndogo, Micro-ATX ni kubwa kidogo. Pawa saplai hugawa umeme: SFX na SFX-L ni maumbo madogo, ATX ni umbo la kawaida. Kebo ya raiza huunganisha kadi na ubao mama pale kadi isipochomekwa moja kwa moja.

| | NR200 | Terra | A4-H2O | A3-mATX |
|---|---|---|---|---|
| Lita (kwa hesabu ya mtengenezaji) | 18.25 | 10.4 | 11 | 26.3 |
| Ubao mama | Mini-ITX | Mini-ITX | Mini-ITX | Micro-ATX au Mini-ITX |
| Pawa saplai | SFX, SFX-L | SFX, SFX-L | SFX, SFX-L | ATX ya kawaida inaingia |
| Urefu wa kadi, mwisho | mm 330 | mm 322 | mm 322 | mm 415 |
| Kimo cha kipoza cha prosesa | mm 155 | takriban mm 48 hadi 77 | mm 55 | mm 165 |
| Rejeta kubwa zaidi | mm 280 | halikuundwa kwa rejeta | mm 240 | mm 360 |
| Kebo ya raiza | haihitajiki | ipo ndani ya boksi | ipo ndani ya boksi | haihitajiki |

Mstari unaosahaulika zaidi katika jedwali hilo ni ule wa kimo cha kipoza. Watu husoma urefu wa kadi, wakiona inaingia wanatulia. Lakini tofauti ya milimita 55 na milimita 155 ndiyo inayoamua kama kompyuta itakuwa kimya au itavuma mchana kutwa.

Anza na kadi

Kadi ya grafiki ina vipimo vitatu, na vyote vitatu lazima vikubali: urefu, unene, na kimo kutoka kwenye sloti (tundu la ubao mama inamochomekwa) kwenda juu. Urefu kila muuzaji anautaja. Unene hutajwa kwa sloti, mbili au mbili na nusu au tatu, na sloti moja ni kama milimita 20. Kimo ndicho kinacholeta matatizo, kwa sababu juu ya kadi kuna kebo ya umeme, na kebo hiyo inahitaji nafasi ya kujikunja.

Suala la kujikunja si dogo. Tangu mwaka 2022, zilipoanza kusikika taarifa za viunganishi vya umeme vya pini 16 vya kadi za RTX 4090 kuyeyuka, mafundi wamekuwa waangalifu sana na kebo inayobanwa na ubavu wa kasha. Kiunganishi kisichoingia mpaka mwisho hupata joto. Kasha jembamba linaloisukuma kebo pembeni kila unapofunga mlango linaongeza uwezekano wa hilo kutokea. Sukuma kiunganishi mpaka kiishie, kisha hakikisha kebo inatoka ikiwa imenyooka kabla haijaanza kupinda.

Juni 2024 NVIDIA ilitoa mwongozo kwa watengenezaji wa kadi za makasha madogo: urefu usizidi milimita 304, kimo pamoja na mkunjo wa kebo milimita 151, unene milimita 50. Kadi zenye alama hiyo, iitwayo SFF-Ready, zinapunguza kazi ya kubahatisha, ingawa kipimo cha kasha lako bado ndicho chenye neno la mwisho.

Kwa mtu anayecheza kwenye skrini ya 1080p au 1440p, kadi zinazofaa makasha haya ni zile zisizokula umeme mwingi. RTX 4060 inatumia wati 115, RTX 5060 wati 145, RX 9060 XT ya GB 16 wati 160, RTX 5060 Ti wati 180, RTX 4070 wati 200. Kila wati inayoingia hutoka ikiwa joto ndani ya kasha lako, kisha ndani ya chumba chako. RTX 5090 ya NVIDIA yenyewe ina unene wa sloti mbili tu na urefu wa milimita 304, hivyo kwa kipimo inaweza kuingia kwenye kasha dogo. Lakini inakula wati 575. Kuingia ni jambo moja, kupumua humo ni jambo jingine, na mimi siwezi kumshauri mtu wa Tanga au Mombasa aifungie ndani ya lita 11.

Joto la kwetu

Hapa ndipo vipimo vinavyosomwa mtandaoni vinapowapoteza wasomaji wa pwani. Wakaguzi wengi wa Ulaya na Marekani hupima katika vyumba vya nyuzijoto 20 hadi 22. Mwezi wa Februari Dar es Salaam, chumba kisicho na kiyoyozi kinafika nyuzijoto 31 au 32 bila shida. Kompyuta haiwezi kupoa chini ya hewa inayoizunguka, na kwa makadirio mazuri kila nyuzi moja inayoongezeka chumbani huongeza nyuzi moja kwenye prosesa na kadi. Kwa hiyo ukiona kadi imepimwa ikakaa kwenye 75 huko London, hapa hesabu 85 kwa feni za kasi ileile. Feni zitajitahidi kuishusha, na kelele ndiyo gharama yake. Feni zikishindwa, kadi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na gemu iliyokuwa ikienda vizuri inaanza kusitasita baada ya dakika ishirini.

Ndiyo maana kwa chumba kisicho na kiyoyozi pwani, mimi nasimamia kasha la lita 18 na kuendelea. Lita 10 za kasha zuri zinafanya kazi nzuri sana Muscat au Dubai, ambako mashine ya baridi inawaka nyumbani mwaka mzima. Nairobi nayo ina nafuu ya baridi, ingawa kwenye kimo cha mita 1,700 na zaidi hewa ni nyepesi na feni ileile hubeba joto pungufu kidogo kuliko ingebeba usawa wa bahari. Nafuu ya ubaridi ni kubwa kuliko hasara hiyo, kwa hiyo mtu wa Nairobi ana uhuru wa kuchagua Terra ambao mtu wa Mombasa hana.

Kabla ya kununua feni za ziada, kuna marekebisho mawili yasiyogharimu kitu. La kwanza ni kupunguza kikomo cha umeme cha kadi hadi asilimia 80 hivi kwa programu kama MSI Afterburner. Kasi inayopotea ni ndogo sana, joto linalopungua linaonekana. La pili ni kwa prosesa za AMD: washa hali ya Eco, ya kupunguza matumizi ya umeme, ndani ya BIOS, yaani menyu ya mipangilio ya ubao mama. Prosesa kama Ryzen 5 7600 ya wati 65 haihitaji hata hilo. Ryzen 7 7800X3D, pamoja na kuandikwa wati 120, hutumia pungufu sana ya hapo kwenye gemu nyingi, na ndiyo maana imependwa mno na wenye makasha madogo. Kikomo chake cha joto ni nyuzi 89, cha chini kuliko cha prosesa nyingi za kizazi chake, hivyo isipewe kipoza cha kubahatisha.

NR200: ninalolipendekeza mara nyingi

Uzuri wa NR200 ni kwamba mpangilio wake ni wa kawaida. Kadi inachomekwa moja kwa moja kwenye ubao mama, hakuna kebo ya raiza katikati. Kipoza cha prosesa kinaweza kuwa mnara kamili: Thermalright Peerless Assassin 120 SE ina milimita 155, yaani inafika kwenye kikomo kabisa, na Noctua NH-U9S ya milimita 125 inaingia ikibakiza nafasi. Chini ya kadi kuna mahali pa feni mbili za milimita 120 zinazoisukumia kadi hewa ya nje, na juu kuna mahali pa feni nyingine mbili za kutoa hewa ya moto. Mpangilio huo, chini inaingia na juu inatoka, unafuata njia ambayo joto lenyewe linaitaka.

Kadi ya unene wa sloti tatu na urefu wa milimita 330 inaingia. Nafasi ya mikono ipo. Kila ubavu unatoka, juu inatoka, mbele inatoka, na fundi anafika kila kona bila kuvunja kucha. Kwa anayeunda kompyuta ndogo kwa mara ya kwanza, hili lina thamani kuliko lita karibu nane zinazopungua ukienda Terra.

Vumbi pia. NR200 ina vichujio vya matundu madogo kwenye sehemu za kuingizia hewa, vinavyotoka kwa urahisi na kuoshwa kwa maji. Mtaa wa barabara ya vumbi, au nyumba inayofunguliwa madirisha kutwa, unahitaji hivyo. Kasha lisilo na kichujio linasafishwa kwa blowa kila baada ya wiki chache, na kila kusafisha ni kufungua vitu ambavyo ungependelea vitulie.

Kasoro zake ni za wazi. Limeundwa kwa bati la chuma na plastiki mbele, halina ule uzito wa thamani unaouhisi ukishika alumini. Karibu na bahari, mkwaruzo kwenye chuma hicho usiufunike kwa matumaini. Upake rangi kabla kutu haijaanza. Pili, toleo la NR200P huja na ubavu wa kioo. Kioo kinapendeza, lakini kwenye joto letu tumia ubavu wenye matundu na kioo kiweke stoo. Tatu, ukikuta madukani toleo jipya linaloitwa V2, soma vipimo vyake upya, kwa sababu si kasha lilelile.

Bei yake ilipotoka ilikuwa chini ya dola 100 za Marekani. Hakuna kasha la Mini-ITX ninalolijua lililotoa hewa, nafasi na vichujio kwa bei hiyo.

Terra: sura, na hesabu ya milimita 120

Terra lina ukuta wa katikati unaosogezwa katika nafasi saba. Upande mmoja wa ukuta huo kuna ubao mama na kipoza chake, upande wa pili kuna kadi, na kebo ya raiza inaviunganisha. Ukisogeza ukuta, upande mmoja unapata nafasi na wa pili unaipoteza. Jumla ya pande mbili ni takriban milimita 120: ukiweka kadi nene ya milimita 72, kipoza kinabaki na milimita 48, ukitaka kipoza cha milimita 77, kadi inabaki na 43, yaani sloti mbili tu.

Hesabu hii ndiyo Terra yote. Ukiwa na kadi ya sloti mbili kama RTX 4070 ya NVIDIA yenyewe, ambayo ina urefu wa milimita 244 tu, unaweza kuweka Noctua NH-L12Sx77, na kompyuta yako itakuwa tulivu kwa kiasi cha kushangaza. Ukiwa na kadi ya sloti tatu, prosesa inabaki na kipoza kama Thermalright AXP90-X47, na hapo chagua prosesa ya wati 65. Kwa hiyo anayelitaka Terra namwambia atafute kwanza kadi nyembamba. Kadi nyembamba ni chache na bei yake huwa juu kidogo, na hiyo ni sehemu ya gharama ya kasha hili.

Kadi yenyewe ndani ya Terra haiteseki kama watu wanavyodhani. Feni zake zinatazama matundu ya ubavuni moja kwa moja na kuvuta hewa ya nje isiyopita kwenye kitu kingine. Anayeumia ni prosesa, na pawa saplai kidogo. Kuna mahali pa feni moja ya milimita 120 chini. Nunua, maana kasha haliji na feni, na iweke kabla hujamaliza kufunga kebo.

Mbavu mbili za alumini hufunguka juu kama mabawa, mbele kuna ukanda wa mbao ya walnati, na hakuna taa za rangi zinazokulazimisha. Hili ni kasha la sebuleni, la mtu ambaye hataki kompyuta yake ionekane kama chombo cha gereji. Ninalipenda kweli. Lakini halina vichujio vya vumbi, lilitoka kwa dola 179.99, na chumba cha nyuzijoto 32 hakijali uzuri. Lichukue kama una kiyoyozi, au kama unaishi Arusha, Nairobi, Kigali, Bukavu, mahali ambapo jioni unavaa sweta.

A4-H2O: prosesa kubwa kwenye nafasi ndogo

Hili Lian Li walilitengeneza pamoja na DAN Cases ya Ujerumani, waliokuwa wameshaanzisha umaarufu wa mpangilio huu wa kadi na ubao mama kupeana mgongo. Tofauti yake na Terra ni juu: kuna nafasi ya rejeta ya milimita 240. Prosesa inapozwa kwa maji, na joto lake linatolewa nje moja kwa moja bila kuzunguka ndani.

Lina maana kwa mtu mmoja mahususi: anayefanya kazi nzito ya prosesa mchana, kama kuhariri video au kukusanya msimbo wa programu (compile), na kucheza gemu usiku. Kwa gemu peke yake, pampu, mabomba na rejeta ni gharama na kazi bila faida ya kutosha. Kufunga mabomba hayo ndani ya lita 11 kunahitaji subira, na mpangilio wa hatua ukiukosea unafungua kila kitu upya. Kipoza cha maji kina pampu inayochoka, na siku ikifa, kukipata cha mabomba yenye urefu unaofaa kasha hili madukani kwetu si jambo la kutegemea. Kipoza cha hewa kikipata hitilafu, ni feni tu inabadilishwa. Kwa anayeishi mbali na maduka makubwa, hilo pekee lingenitosha kulikataa.

Kebo ya raiza

Terra na A4-H2O yote mawili yanategemea kebo hii, kwa hiyo ni sharti tuizungumze. Raiza zao kwa kawaida ni za PCIe 4.0. PCIe ni njia ya mawasiliano kati ya kadi na ubao mama, na namba, au Gen, ni kizazi chake. Ubao mama wa PCIe 5.0 ukijaribu kuongea na kadi ya PCIe 5.0 kupitia kebo ya 4.0, matokeo yake mara nyingi ni skrini nyeusi, na mtu anadhani kadi imekufa. Dawa yake ni kuingia BIOS na kuifunga sloti iwe Gen 4. Kama ubao hautoi picha kabisa, tumia grafiki ya ndani ya prosesa kufikia BIOS kwanza. Hii ni sababu nzuri ya kutonunua prosesa isiyo na grafiki ya ndani kwa makasha ya aina hii. Kasi inayopotea kwenye Gen 4 kwa gemu ni ndogo mno kuiona kwa macho.

Usalama nao. Februari 2021 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilitangaza kurudishwa kwa kasha la NZXT H1, kwa sababu skrubu zilizoshikilia kadi ya raiza zingeweza kusababisha shoti na moto. Kampuni ilianza kwa kutuma skrubu za nailoni, baadaye ikabadilisha raiza zenyewe. Nalitaja kwa sababu H1 zilizotumika bado zinauzwa mkono kwa mkono, na bei yake huvutia. Usiichukue mpaka uhakikishe raiza yake ni ile iliyobadilishwa.

A3-mATX: pesa inapokuwa na mipaka

Watu wanaotafuta udogo hulidharau kasha hili kwa lita zake 26, nami naona wanalikosea heshima. Ubao wa Mini-ITX, ule wa milimita 170 kwa 170 ulioletwa na VIA mwaka 2001, una sloti mbili tu za RAM, sloti moja ya kadi, na bei ya juu kuliko ndugu yake wa Micro-ATX wenye vipengele vilevile. Pawa saplai ya SFX nayo ni ghali kuliko ATX ya wati zilezile. Ukijumlisha tofauti hizo mbili, mara nyingi inatosha kukupandisha daraja moja la kadi ya grafiki. Na kadi ndiyo inayocheza gemu.

A3 linakubali ubao wa Micro-ATX wa milimita 244 kwa 244, pawa saplai ya ATX ya kawaida unayoipata Kariakoo au Luthuli Avenue ya Nairobi bila kuagiza nje, kipoza cha mnara hadi milimita 165, na kadi ya urefu wa milimita 415, yaani karibu kila kadi iliyopo. Kuta zake ni za wavu, hewa inapita kila upande. Lilitoka 2024 kwa takriban dola 70. Haliji na feni, kwa hiyo tenga pesa ya feni tatu tangu mwanzo. Siku pawa saplai ikipigwa na umeme wa kupanda na kushuka, utapata nyingine mchana uleule, wakati mwenye SFX anasubiri mzigo.

Mwanafunzi, au kijana anayejenga kompyuta yake ya kwanza kwa kudunduliza, achukue hili. Kwenye meza linaonekana dogo vya kutosha karibu na makasha ya kawaida.

Na kama bajeti ni ndogo zaidi ya hapo

Kompyuta za ofisi zilizotumika kutoka Ulaya, Dell OptiPlex na HP EliteDesk za umbo dogo liitwalo SFF, zimejaa Dar na Nairobi. Kasha, ubao, prosesa na pawa saplai vinakuja pamoja, na mashine nzima inaweza kugharimu pungufu ya Terra tupu. Masharti yake ni haya: kadi lazima iwe ya nusu kimo, na isihitaji kebo ya umeme, maana pawa saplai zake ni ndogo na za umbo la kampuni yenyewe. Sloti inatoa wati 75 mwisho. GTX 1650 ya nusu kimo isiyo na kiunganishi cha umeme inafanya kazi, na RTX 3050 ya GB 6, yenye wati 70, ndiyo chaguo bora zaidi pale unapoipata kwa umbo hilo. Kuwa mwangalifu na RTX 4060 za nusu kimo: zinaingia kwa kipimo lakini zinahitaji kebo ya umeme ambayo mashine hizi hazina.

Ukikuta mashine hizo za umbo la mnara kwa bei ileile, chukua mnara. Unakubali kadi ya kimo kamili, na kadi za kimo kamili ndizo zinazouzwa kwa bei nafuu.

Kulileta nyumbani

Makasha haya mengi hayauzwi hapa, na usafirishaji hubadilisha hesabu. Kampuni nyingi za vifurushi vya ndege hutoza kwa uzito wa ukubwa: sentimita za urefu, upana na kimo zikizidishwa, zikigawanywa kwa 5,000. Boksi la sentimita 45 kwa 35 kwa 25 linahesabiwa kilo 7.9 hata kama ndani mna kilo 5 tu. Boksi la A3 kwa njia hiyo linaweza kula faida yote ya bei yake. Hapa Terra na A4-H2O yanapata ushindi wao: yanaingia ndani ya sanduku la nguo la ndugu anayetoka Dubai au Muscat, yakizungushiwa mashati, na kebo ya raiza ikiwekwa tambarare bila kukunjwa. Fremu ya NR200 inaingia pia sandukuni ukilifungua mbavu zake zote kwanza.

A3 na NR200 ni afadhali yaje kwa meli na mzigo wa pamoja, hata kama ni kusubiri wiki kadhaa. Muombe muuzaji akuhakikishie kwa maandishi mambo mawili kabla hajafunga boksi: kwamba ni toleo lipi hasa, na kwamba mfuko wa skrubu na raiza vimo ndani. Skrubu za makasha haya nyingine ni ndogo za M3 zenye kichwa bapa, na fundi wa mtaani huwa hana za kukopesha.